Mafuta ya kaboni ya mama mdogo, na kidonge kilichokuwa kwenye mkoba

Jumamosi ile nilienda Uyole, Mbeya, kumsalimia mama mdogo maana alishanilalamikia kwenye simu kwamba siku hizi naonekana kwenye misiba tu, na kweli mara ya mwisho tulionana matangani. Nikamkuta barazani anachambua maharage, ungo mapajani, jua la Oktoba linawaka mpaka mabati yanalia, nikasema shikamoo mama, akaitika marahaba mwanangu, halafu hata kabla sijakaa akasema afadhali umekuja wewe mtu wa kemia, hebu ingia ndani uniletee ile chupa iko dirishani.

Chupa yenyewe ya kioo, ile inayoonyesha mpaka ndani, ukubwa kama wa mafuta ya nywele. Lebo imechapwa vizuri tu, kuna mchoro wa mpira na pembeni herufi C na namba 60. Kaletewa na dada mmoja wa haya mambo ya kuuziana nyumba kwa nyumba, akaambiwa ni mafuta ya kaboni kutoka nje, yanasafisha damu, yanarudisha ujana, na virusi yakivikuta "yanaviziba mdomo". Laki moja na themanini. Katoa nusu, nusu nyingine mwisho wa mwezi.

Sasa hapa niseme jambo ambalo mwenyewe kaniruhusu ilimradi nisimtaje jina. Mama mdogo anatumia ARV, na ni tangu zamani, mjukuu wake mkubwa hajazaliwa. Kwa huku kwetu sio habari ya kushtua mtu, utafiti wa kitaifa wa 2022 mpaka 2023 ulikuta Njombe watu wazima asilimia 12.7 wana VVU wakati nchi nzima ni 4.4, Iringa na Mbeya nako juu vile vile, kwa hiyo karibu kila ukoo una mtu wake. Miaka kadhaa nyuma dawa za mwanzo zilimshinda, virusi vikapanda, kliniki wakamhamishia sekondi laini, yaani dawa za awamu ya pili, na kwenye hiyo sekondi laini kuna kidonge kina atazanaviri na ritonaviri. Tangu hapo anaendelea vizuri, isipokuwa macho. Macho yamekuwa na umanjano. Sio sana, ila kwenye jua unaona, na majirani nao wameona, na majirani unawajua, mmoja kashamwambia ini limeoza na hizo dawa.

Kwa hiyo mpango wake ulikuwa apumzishe vidonge mwezi mmoja, ajaribu mafuta. Anayasema hayo anaendelea kutupa mawe ya kwenye maharage, tena bila haraka.

Nilitaka kupiga kelele. Kilichonizuia ni kwamba yule dada hakutunga vyote. Hiyo habari ya kaboni 60 kuziba mdomo kitu cha virusi ipo, niliisoma chuo, iliandikwa na watu wa maana kwenye jarida la kemia la Marekani mwaka 1993, na ni moja ya habari tamu kabisa nilizowahi kusoma. Mtu akikuletea uongo mtupu unaucheka yanaisha, huu una kipande cha kweli ndani, ndio maana kazi.

Nikamwambia mama subiri, nikaenda nyuma nikachukua mpira wa mjukuu.

Ni ile mipira ya plastiki ya bei rahisi, imechorwa viraka vyeusi na vyeupe. Kwa bahati mchoraji hakudanganya, nilihesabu, vyeusi vya pembe tano viko 12, vyeupe vya pembe sita 20. Nikachukua kalamu nikaweka nukta kila kona inapokutana mistari mitatu, nukta zinatoka 60. Nikamwambia mama kila nukta hapa ni chembe moja ya kaboni, kaboni hii hii ya mkaa, ya masizi ya sufuria yako, ya ule mti mweusi katikati ya betri ya redio tuliokuwa tunaupasua tukiwa watoto tunachorea ukutani. Zikishikana hivi zinafanya kijimpira kitupu ndani, upana wake kama nanomita moja, yaani milimita ukiikata vipande milioni moja ndio unapata hiyo.

Waliokiona kwanza ni Harold Kroto wa Uingereza na Robert Curl na Richard Smalley wa Marekani, Septemba 1985, kule Houston, walikuwa wanapiga grafaiti, ile kaboni ya penseli, kwa leza, na Kroto hata hakuwa anatafuta dawa wala nini, alikuwa anataka kuelewa kaboni inayotoka kwenye nyota. Wakakipa jina la Buckminster Fuller, yule msanifu wa majengo ya kuba, ndio tukapata fulerini. Mwaka 1996 watatu hao wakachukua Nobeli. (Na kabla hujaniuliza, kimondo chetu cha Mbozi ni chuma, sio kaboni, usiende kukwangua.) Ila mpaka 1990 walikuwa nacho kiduchu sana, ndipo Krätschmer na Huffman wakaonyesha kwamba ukichukua fito mbili za grafaiti ukazichoma kwa umeme ndani ya gesi ya heli unapata masizi, unayaosha kwa kiyeyusho, na kile kinachoyeyuka ndio vijimpira. Rangi yake ukiyeyusha kwenye toluini, kiyeyusho kimojawapo, ni zambarau. Zambarau kabisa, jezi ya Mbeya City. Hiyo rangi iweke akilini.

Sasa mdomo wa virusi.

Mama mdogo alishona nguo miaka mingi pale Mwanjelwa, kwa hiyo nilimweleza kwa lugha yake. Virusi vya Ukimwi vikiingia kwenye seli vinailazimisha itengeneze protini za kuviunda vipya, lakini protini hizo hazitoki kipande kimoja kimoja, zinatoka zimeungana ndefu kama jora la kitenge. Jora halivaliki. Lazima likatwe mkono, kola, kifua, ndio ushone. Virusi vina mkasi wao wa kukatia, unaitwa protiezi, ni kimeng'enya, yaani protini yenye kazi maalumu, na kama mkasi wowote una vipande viwili vinavyofanana, kila kimoja kina asidi amino 99, yaani shanga 99 za kujengea protini, vikikutana katikati panabaki uwazi kama handaki, na ndani ya handaki kuna meno mawili yanayokata. Ukizuia mkasi usifunge, virusi vinatoka kwenye seli vikiwa na jora lisilokatwa, vimezaliwa ila havijakomaa, haviambukizi.

Akanyamaza kidogo, akasema, "Kwa hiyo unauwekea kitu katikati."

Ndio hapo hapo. Simon Friedman na wenzake kule San Francisco waliangalia picha ya hiyo protiezi kwenye kompyuta, wakaona handaki lina upana kama nanomita moja, na kuta zake zinakimbia maji, zina tabia ya mafuta, isipokuwa yale meno mawili. Na kijimpira cha kaboni kina upana kama nanomita moja na kinakimbia maji vile vile. Fikiria ile raha! Hakuna aliyekitengeneza kwa ajili ya virusi, kimetoka kwenye masizi, na kinaingia handakini kama gunzi kwenye mdomo wa dumu la mafuta ya taa. Shida ni kwamba chenyewe kwenye maji hakiyeyuki kabisa, kwa hiyo wenzao wa Santa Barbara kwenye maabara ya Fred Wudl wakakipachika mikono pembeni, mikono yenye asidi mwishoni ili maji yaikubali, na hicho chenye mikono ndio kinaitwa derivativi ya fulerini, sio kijimpira kitupu tena. Wakapima. Kikazuia. Hapo unaona mtu kakisia kwa picha tu, halafu chupa ya maabara ikamjibu ndiyo. Mimi nikifundisha kidato cha sita hii sehemu huwa nasimama kabisa.

Lakini kinazuia kwa nguvu gani, hilo ndilo swali ambalo muuza chupa hakulijibu kwa sababu hakuulizwa. Wakemia wana kipimo chao, kwamba inahitajika dawa nzito kiasi gani nusu ya vimeng'enya viwe vimeshazibwa, namba ikiwa ndogo dawa ni kali. Ya kijimpira kile cha 1993 ilikuwa mikromola 5.3. Dawa za protiezi zilizoingia hospitali, kuanzia sakwinaviri iliyoruhusiwa Marekani Desemba 1995, nyingi ziko chini ya nanomola moja, na mikromola moja ni nanomola elfu moja. Namba hizi ukiziacha hivyo hazimwambii mtu kitu, nami nilimuona mama ananitazama tu, nikachukua kijiko cha chai nikakiweka mezani, nikasogeza ndoo ya lita 20. Kazi ambayo dawa ya hospitali inaifanya kwa kijiko, kijimpira kinataka ndoo imejaa na zaidi ya lita 6 juu yake.

"Aa, sasa huyo si mgonjwa atakufa na kunywa."

Mwaka 1998 kundi lile lile walitengeneza vingine vikashika vizuri zaidi kama mara 50, sio mchezo, lakini bado iko nyuma mara 100 hivi, na wakati huo wagonjwa walishaanza kupata vidonge halisi. Na gunzi lina shida nyingine ambayo kila aliyewahi kubeba dumu kwenye basi anaijua. Linaziba dumu la taa, linaziba la asali, la pombe pia, halichagui. Wakaendelea kupima, watu wa nchi mbalimbali, na derivativi za fulerini zikaonekana zinazuia kimeng'enya kinachotengeneza nitriki oksaidi kwenye mishipa ya fahamu, zinazuia asetilikolinesterezi na kaboniki anhidrezi, vimeng'enya vingine vya mwilini, zinazuia hata kile kingine cha virusi vya Ukimwi kinachonakili vinasaba. Baadhi ya kazi hizo ni nzuri na zimefanywa kwa uangalifu. Ila mimi kitu kikizuia kila kimeng'enya naanza kuuliza.

Na kuna sababu ya kuuliza. Vitu vinavyokimbia maji ukivitia majini vinashikana madonge, kama mafuta kwenye mchuzi, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 maabara ya Brian Shoichet, hapo hapo Marekani, walionyesha kwamba madonge ya namna hiyo yanavinasa vimeng'enya juu yake hovyo hovyo, na mtafiti anafurahi kapata dawa kumbe kapata uchafu. Kipimo chao rahisi mpaka kinachekesha, unatia tone la kitu kama sabuni, ukiona uzuiaji umepotea ujue lilikuwa donge. Tangu hapo nikisoma kitu chochote cha fulerini na kimeng'enya natafuta sabuni kwanza, nisipoiona naendelea kusoma lakini kwa jicho moja.

Halafu 2016 ikaja iliyonichekesha zaidi, kina Martinez na Echegoyen na Llano wa chuo kikuu cha Texas kule El Paso. Walikuwa na derivativi zinazozuia VVU kwenye seli vizuri sana, virusi vinatoka havijakomaa, kila dalili inasema mkasi umezibwa. Wakaupima mkasi. Mkasi mzima, unakata kama kawaida! Fulerini ilikuwa inavuruga ukomavu wa virusi kwa njia nyingine kabisa. Miaka zaidi ya 20 tunachora mpira ndani ya handaki kwenye kila makala, picha nzuri, na hizi zilikuwa zinapita mlango wa nyuma. Hawakusema Friedman alikosea, kile chake kwenye chupa ya maabara kilizuia kweli, ila kutoka kwenye chupa hiyo mpaka kwenye seli ni safari ndefu, na kutoka kwenye seli mpaka kwa mama mdogo ni ndefu zaidi. Mpaka naandika hapa hakuna fulerini inayotolewa kliniki kwa ajili ya VVU.

Mafuta sasa. Hayo yana historia yake nyingine haihusiani na protiezi hata kidogo, wauzaji ndio wameziunganisha. Mwaka 2012 lilitoka andiko la panya waliopewa kaboni 60 kwenye mafuta ya zeituni, ikasemwa waliishi karibu mara mbili. Kila kundi lilikuwa na panya sita. Sita! Darasani kwangu wanafunzi wa dawati mbili wanazidi hapo. Biashara ikaanza mitandaoni Marekani na Ulaya. Mwaka 2020 wengine wakarudia kwa uangalifu kwa panya wadogo, maisha hayakuongezeka, na wakakuta yale mafuta yakikaa kwenye mwanga yanageuka sumu. Hilo la mwanga halikutakiwa kushangaza mtu, fulerini ikipigwa na mwanga inaichokoza oksijeni inakuwa kali, Wajapani walishaonyesha 1993 hiyo hiyo kwamba fulerini iliyomulikwa inaua seli na kukatakata DNA, na kuna wanaojaribu kuitumia makusudi kuua uvimbe kwa taa.

Nikaangalia dirishani kwa mama. Dirisha la magharibi, halina pazia. Na chupa inaonyesha mpaka ndani.

Ndio nikakumbuka rangi. Nikaichukua nikaenda nayo nje nikaiinua kwenye jua, na mama akaacha maharage yake akaja kusimama pembeni yangu, wote tunaangalia juu kama tunatafuta ndege. Kaboni 60 ya kweli ikiyeyuka kwenye mafuta inayapa rangi, inaenda zambarau iliyoiva, wekundu wa kahawia. Yale yalikuwa manjano tu, safi, yanang'aa. Nikafungua nikanusa. Mama naye akanusa, akaweka tone kwenye kidole akaonja kabla sijamzuia, akasema, "Mwe! Hii si alizeti?"

Sikuwa na la kusema aisee. Nusu saa nzima nimehubiri kuhusu kitu ambacho inawezekana kabisa hakikuwemo kwenye chupa.

Ila sikuondoka kabla ya kuzungumza lile la macho, maana ndilo lililomsukuma. Nikamwomba mkoba, nikatoa kopo, nikaweka kidonge kimoja kiganjani mwake. Nikamwambia mama umelipia alizeti laki na themanini ikuzibie kimeng'enya kimoja, humu ndani unapewa bure na kinagusa vitatu. Cha kwanza ule mkasi wa virusi, atazanaviri inaingia kwenye handaki lile lile tulilozungumza, ila hii imechongwa kwa ajili yake, inashika kuta na inashika na meno. Cha pili kiko kwenye ini lako mwenyewe, kimeng'enya kinachosagasaga dawa ili zitoke mwilini, hicho ritonaviri inakifunga breki makusudi ili atazanaviri ikae kwenye damu muda mrefu, ndio maana unameza mara moja kwa siku badala ya kushinda unameza. Cha tatu hakuna aliyekitaka. Ini lina kimeng'enya kingine kazi yake kuishughulikia bilirubini, ile rangi ya manjano inayotokana na damu iliyochakaa, na atazanaviri kwa bahati mbaya inakigusa hicho nacho, rangi inabaki kwenye damu, inaonekana machoni. Mara nyingi ni rangi tu, ini liko salama, na linajulikana tangu dawa inatoka. Lakini mara nyingi sio mara zote, inaweza kuwa homa ya ini kweli, na hilo wanapima kwa damu, mimi siwezi kulijua kwa kukutazama barazani na jirani yako ndio kabisa.

Akakiangalia kile kidonge muda. Akauliza kwa nini hawakumwambia. Inawezekana walimwambia, foleni ya kliniki unaijua, mtu anaambiwa mambo kumi amesimama na tisa anayaacha mlangoni, ila inawezekana pia hawakumwambia, na mimi nadhani mtu ukimpa dawa itakayobadilisha macho yake inabidi umkalishe chini umweleze kabla kioo hakijamweleza, kwa sababu yule wa chupa yeye alikaa. Alikaa saa nzima, alikunywa na chai. Akauliza pia kama amekosea kuimeza bila kula siku mbili zile alizokuwa na haraka, nikamwambia hiyo inataka chakula, alishaambiwa, akacheka kwamba hilo walimwambia kweli.

Tulikubaliana vidonge haviachwi hata siku moja na Jumanne tunaenda kliniki wote, aseme macho kwa mdomo wake, kama wakiona vema kumbadilishia wambadilishie wao. Ile nusu ya hela haitolewi. Yule dada akija nimeomba anipigie simu nije nizungumze naye, sio kumgombeza, nataka tu anionyeshe chupa nyingine ilivyo rangi, huenda naye kauziwa.

Mama akanishukuru, ndaga fijo mwanangu, akaishika ile chupa akaipimapima uzito.

"Sasa kama ni alizeti, nikaangie?"

Nikasema mama hapana, hatujui kilichomo, nipe nikaipime shuleni, maabara tuna vikolokolo. Nikaizungushia gazeti nikatia kwenye begi nikapanda daladala. Nimefika nyumbani saa mbili usiku simu inaita, nikajua ni macho, kumbe ni mjukuu analia, mpira wake uko wapi, na ni nani aliyeuchora nukta.

Uko kwenye begi langu, pamoja na chupa. Jumanne nitaurudisha.